Kichwa cha Mnyama wa Luama

Kuna watu waliozaliwa wakae, na kuna watu waliozaliwa wasikae. Placide Lukungu wa Kabambare alikuwa wa hao wa pili. Mama yake alikuwa akisema mtoto huyo ukimweka mkekani ukageuka kusonga ugali, ukirudi utakuta mkeka. Kwenye shule ya mapadri pale Kasongo aliandikishwa miaka sita, lakini ukikusanya siku zote alizokaa kweli kwenye benchi, sijui kama unapata miwili. Mwalimu yuko ubaoni, Placide yuko dirishani, anamfuata kindi kwa macho kutoka tawi hili hadi lile, na fimbo ikimshukia mgongoni anashtuka kama mtu aliyeamshwa. Mapadri walichoka. Mwaka 1933 wakamwambia aende zake, yeye na kindi wake.

Mwezi huohuo alikuwa amefika Kasongo Mbelgiji mmoja, Gérard Lemmens, mtu mwembamba mwenye masikio yaliyoungua jua. Alitumwa na watu wa elimu wa kwao kukusanya wanyama wote wanaonyonyesha, kuanzia nyati hadi panya. Kwa nyati watu walimwelewa. Panya ndiyo ilikuwa kasheshe. Mzungu mzima, mwenye bunduki na hema, anataka panya, tena si wa kula! Sokoni wakambatiza Bwana Panya siku ya tatu tu, na watu wa Kasongo wakikupa jina, oga Lualaba mara saba, halitoki.

Placide alimwendea na kindi mkononi, hai, amemshika shingo kwa vidole viwili, wala hajang'atwa. Lemmens alimtazama kindi, akamtazama kijana, akasema, “Kesho saa kumi na mbili.” Huo ndio mtihani pekee ambao Placide aliwahi kuufaulu.

Kazi yenyewe haikuwa ya mtu mvivu. Mnyama akija, kwanza kupima: mwili, mkia, unyayo, sikio. Kisha unampasua tumbo kidogo, unamvua ngozi taratibu, unaipaka sabuni ya sumu ndani, unajaza pamba, unatia waya mkiani. Kichwa kinachemshwa, kinakwanguliwa nyama yote mpaka fuvu linabaki jeupe. Halafu unaandika nambari kwenye kibandiko, unakifunga kwenye mguu wa ile ngozi, na nambari ileile unaifunga kwenye fuvu. Vitu viwili, nambari moja. Lemmens alilirudia hilo kila asubuhi, kama padri na rozari yake.

“Ngozi iko nguo tu, Placide,” alikuwa akisema kwa Kingwana, Kiswahili cha Kongo, tena chake cha kukwaruza. “Jua inachoma nguo, maji inachafua nguo. Meno haisemi uwongo. Mnyama bila kichwa iko bure kabisa.”

Na huyu kijana aliyeshindwa kukaa darasani, alikaa hapo! Alikaa kwa sababu kukaa kwenyewe kulikuwa nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni kutembea. Alitembea kutoka Kasongo hadi Nyangwe, kutoka Nyangwe hadi mpakani mwa Kabambare, akalala porini, akanusa mavi, akahesabu kokwa za mawese zilizotafunwa. Alikuwa na daftari lake mwenyewe la shule, ameandika kwa Kiswahili: huyu anazaa mvua zikianza, huyu anakula konokono, huyu dume na jike hawalali pamoja. Sokoni alibishana na Subira, muuza samaki wa Nyangwe, kwamba popo si ndege.

“Popo ananyonyesha,” alisema.

“Weye ulimuona akinyonyesha?”

“Nilimuona. Nilikaa siku mbili pangoni.”

“Basi, baba, oa,” alisema Subira. “Muda unao mwingi mno.”

Soko zima likacheka, na Placide akaoa kweli, mwaka uliofuata. Alimwoa Apolline, binti wa katekista, mwanamke wa maneno machache na mkono mzito.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo maisha ya huyu mtu yalipopinda.

Kwao Placide, kando ya mto Luama, mtu akiua mnyama, kichwa si chake. Kichwa ni cha mjomba, ndugu wa mama. Unaweza kula paja, unaweza kugawa mbavu, lakini kichwa unakifunga kwenye majani unakipeleka kwa mjomba, na mjomba anakula na kukubariki wewe na mama yako. Usipokipeleka, umemwambia mjomba kwamba amekufa. Mchunaji wa kwanza wa Lemmens, mtu mmoja aitwaye Roger, alipeleka vichwa vitatu kwa wajomba zake, na Lemmens alipokuta ngozi tatu hazina mafuvu, alimfukuza palepale na kumnyima barua ya kazi. Placide aliyaona hayo kwa macho yake. Kwa miaka minne mjomba wake, mzee Kalonda, hakuona hata kichwa cha panya kutoka kwa mpwa wake, na alikuwa akizihesabu hizo siku.

Mwaka 1937, kiangazi, Lemmens alibaki Kasongo na homa. Placide alikwenda peke yake Luama, akaweka mitego nyuma ya kijiji cha mjomba, ambako mama yake naye alikuwa akiishi. Siku ya tano akamkuta mnyama ambaye hakuwa amewahi kumwona.

Alifanana na kanu, yule mwembamba kama paka mwenye mkia wa mapete, lakini mkia wa huyu haukuwa na pete hata moja. Ulikuwa mweusi tii mpaka ncha, na mgongoni madoa yalikuwa yamezama katika weusi huohuo. Placide alipiga magoti matopeni. Alijua. Daftari zima la miaka minne lilikuwa kichwani mwake, na mnyama huyu hakuwamo.

Alimpeleka uani kwa mama yake, akampima, akamchuna, na hapo mzee Kalonda akaingia uani na fimbo yake. Hakupiga kelele. Alisema polepole, na hilo ndilo lililokuwa baya.

“Mwipwa wangu, mama yako ni mgonjwa mwezi wa pili. Hali, hanywi. Watu wanauliza sababu, miye nanyamaza. Wanyama wote hawa unaua kwenye udongo wetu, vichwa vinaenda kwa Wazungu. Muzungu ni ndugu wa mama yako?”

Placide alimtazama mama yake kupitia mlangoni, amekonda, amegeukia ukutani. Akatazama kichwa kwenye jani la mgomba. Ningekuwa mimi ningefanya nini? Na wewe je? Alikifunga, akampa mjomba kwa mikono miwili. Mzee Kalonda alikipika kwa mawese na pilipili, akakivunja kwa jiwe apate ubongo, na mifupa akaitupa motoni. Placide alisimama akiyatazama meno yakipasuka kwenye makaa.

Na mama akapona! Wiki haikuisha, akaomba uji, akaamka, akaanza kugombana na majirani. Afanyeje sasa mtu? Hata kujuta vizuri hawezi.

Alibaki na ngozi isiyo na fuvu, ngozi bora kuliko zote alizowahi kuchuna. Na katika sanduku alikuwa na fuvu lisilo na ngozi, maana wiki hiyohiyo siafu walikuwa wamekula ngozi ya nguchiro mmoja wa kando ya maji na kuacha kichwa. Ukubwa ulikuwa karibu sawa. Placide alikaa na vile viwili mbele yake asubuhi nzima, akainuka, akakaa, akazunguka nyumba, akarudi. Alimkumbuka Roger. Kisha akachukua kibandiko akaandika 612, akakifunga mguuni. Akachukua kingine akaandika 612, akakifunga kwenye fuvu la nguchiro.

Sanduku likaenda Ulaya pamoja na Lemmens mwenyewe. Barua ikarudi baada ya mwaka. Lemmens aliandika kwamba watu wa elimu wamepigwa na butwaa: ngozi inataka kufanana na kanu, meno ni ya nguchiro, basi huyu si kanu wala si nguchiro, ni mnyama wa aina yake peke yake, hana ndugu duniani. Amempa jina la Kilatini lenye Luama ndani yake. Yeye Lemmens amepandishwa cheo. Na Placide naye ameombewa kazi ya kudumu katika kituo cha wanyama kitakachojengwa Kasongo, “kwa sababu sijaona kibandiko chako hata kimoja kikisema uongo.”

Placide aliisoma barua mara moja, akaikunja, akaificha ndani ya daftari lake.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Nani aliyesema? Ya Placide ilikuwa ya miaka kumi na minane, na aliitembea yote kwa miguu. Aliona dawa ni moja tu: ampate mnyama wa pili. Akimpata, mzima, na kichwa chake, atampeleka, na uongo utajifuta wenyewe bila mtu kuaibika. Basi kila kiangazi, kazi ya kituo ikipungua, mtu hayuko. Vita ikaja, watu wakakamatwa kwenda kugema mpira, Placide yuko Luama na mitego. Vita ikaisha, yuko Luama. Nyumbani alikuwa kama mtu aliyekalia miiba. Anaanza kula, anaacha, anasimama mlangoni. Watoto walizoea kumuaga baba kabla hajasema kwamba anaondoka.

Apolline hakuzoea. Mwaka 1949 alimfuata. Alifunga kitenge, akachukua mwiko mkubwa, akapanda lori la pamba hadi Kabambare, akauliza njia, akatembea siku nzima kuelekea Luama, akipanga njiani maneno atakayomwambia huyo mwanamke. Alimkuta mumewe peke yake, amelala kifudifudi kwenye majani yaliyooza, pua juu ya mavi ya mnyama.

Apolline alisimama, mwiko mkononi.

“Mwanamuke iko wapi?” aliuliza.

“Mwanamuke gani?”

“Ee Mungu wangu,” alisema Apolline, akakaa chini. “Afadhali angekuwa mwanamuke. Mwanamuke ningempiga.”

Hapo ndipo Placide alipomweleza yote, kichwa, mjomba, nguchiro, nambari 612. Apolline alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema neno moja: “Sema.” Placide akajibu kwamba akisema atafukuzwa, na Bwana Lemmens atachekwa na dunia nzima, na yeye mwenyewe, ambaye hana kitu kingine isipokuwa kibandiko kisichodanganya, atabaki nani? Apolline hakubishana. Alimpikia, akalala palepale, akarudi Kasongo.

Mwaka 1955 Lemmens akaja. Hakuandika kwamba anakuja. Alishuka kwenye gari la posta, mzee, nywele zimekwisha, kofia mkononi. Alimshika Placide mabega akamwita “mon vieux”, yaani rafiki yangu wa zamani, na Placide akajua kuna jambo.

Jambo lilikuwa hili. Kule kwao ametokea kijana wa elimu mpya, amelifungua sanduku, ameliweka lile fuvu karibu na mafuvu ya nguchiro, akaandika kwenye gazeti lao kwamba 612 si mnyama mmoja, ni wawili. Tena hakuishia hapo. Aliuliza: nani aliyewaunganisha, na kwa faida ya nani?

“Wanasema miye nilifanya makusudi,” alisema Lemmens. “Kwa ajili ya cheo. Placide, miaka thelathini ya kazi! Bibi yangu hatoki nyumbani kwa haya. Tutafute mwingine, weye na miye. Tukipata mmoja tu, na kichwa, nitamfunga mdomo yule mutoto.”

Walitafuta miezi miwili. Yule mzee wa miaka sitini na tano alilala chini, alivuka mito kiuno ndani ya maji, alikohoa damu kidogo akaficha leso. Placide aliiona leso. Kila jioni walikagua mitego, na ndani wamo panya buku, kanu wa kawaida wenye mapete yao, nguchiro tele. Mweusi hakuwamo. Na kila asubuhi Lemmens alisema, “Leo,” na Placide akajitwika mitego. Alikuwa akiliona jambo lote wazi sasa: kutafuta huku hakukuwa dawa, ni yeye aliyekuwa akimuua mzee wa watu taratibu ili yeye mwenyewe asilazimike kusema kweli.

Siku ya mwisho, gari lao lilinasa kwenye tope kabla ya kivuko cha Luama. Dereva alikwenda kijijini kuita watu wa kusukuma. Wawili hao wakabaki wamekaa kwenye ngazi ya gari, jua la saa nane likiwapiga usoni.

“Bwana,” alisema Placide, “kichwa cha 612 nilimupa mujomba wangu. Alikikula. Kile chenye nambari ni cha nguchiro aliyeliwa na siafu. Miye ndiye nilifunga.”

Lemmens alicheka kwanza. “Unasema hivyo uniokoe. Weye hujawahi kusema uwongo.”

“Nilisema ule mmoja.”

Akamweleza. Kadiri alivyoeleza, kicheko kilimtoka Lemmens usoni, na rangi nayo ikamtoka. Aliukunja ukingo wa kofia, akaukunjua, akaukunja tena. Placide alingoja tusi, au kofi, na moyoni aliomba lije haraka. Halikuja.

“Na ngozi?” aliuliza Lemmens mwishowe.

“Ngozi ni ya kweli, Bwana. Naapa kwa mama yangu. Yule mnyama alikuwepo.”

“Najua,” alisema yule mzee. “Miye naamini. Sasa nani mwingine ataamini?”

Watu wa kijiji walifika, wakasukuma gari. Wakarudi Kasongo.

Placide aliandika kila kitu kwa mkono wake, kurasa nne, akatia sahihi, na Lemmens akaondoka nazo. Mkuu mpya wa kituo, Mbelgiji kijana, alimwita bilo, ofisini kwake, akamwambia Bula Matari, yaani serikali, haiwezi kuweka karani wa uongo, akamnyang'anya funguo. Placide alirudi nyumbani mchana, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Alikula sahani nzima. Alilala hadi jua lilipopanda. Mwezi mmoja alikaa kibarazani kama watu wengine, anaongea na wapita njia, na Apolline alikuwa akichungulia mara kwa mara kuona kama ni yeye kweli.

Kisha ikaja barua, ya mwisho kutoka kwa Lemmens. Ilikuwa fupi. Yeye ameondolewa lawama, anamshukuru Placide, afya si nzuri. Kuhusu mnyama, wakubwa wamekaa wakaamua: fuvu ni la nguchiro, kama Placide mwenyewe alivyokiri. Na ngozi ni ya kanu wa kawaida, iliyokaushwa juu ya moto wa jikoni ikaingia weusi wa moshi. Jina la Luama limefutwa kitabuni. Mnyama huyo hayupo, na hakuwahi kuwepo.

“Moshi?” alisema Placide. Alisimama. “Moshi!” Alizunguka kibaraza, akaingia ndani, akatoka. “Miye sijui moshi? Nimechuna ngozi elfu tatu, miye sijui moshi? Nilimushika kwa mikono hii! Ule mweusi ulikuwa ndani ya nywele, hadi kwenye mzizi!”

Majirani walitoka kutazama. Alikuwa akipunga ile barua kama anafukuza nyuki. Alimtaja mjomba Kalonda, aliyekwisha kufa, kwamba ndiye mtu pekee aliyekuwa na ushahidi, na ushahidi wenyewe aliula. Kisha akalia, mtu mzima, mbele ya watu. Alikuwa amesema kweli, na kweli yake imemuua mnyama ambaye hata uongo wake ulikuwa umemwacha hai.

Apolline alimwacha alie. Aliingia jikoni. Watu walifikiri anakwenda kumletea maji. Alitoka na mfuko wa unga wa muhogo, chumvi, chupa ya mawese, na mitego miwili ya chuma iliyokuwa imeanza kushika kutu chini ya kitanda. Akaviweka vyote miguuni pa mumewe.

“Nenda,” alisema. “Lakini huyu umulete na kichwa chake. Na mutu akikidai, mwambie aje akidai kwangu.”